Waliandika Kwamba Tulifurahi

Kijitabu walichonipa mlangoni kilikuwa cha karatasi nzito ya kung'aa, na katika ukurasa wa tatu kilikuwa na uongo wangu. Nilikuwa nimealikwa Iringa na vijana wanaotafuta filamu za zamani. Walikuwa wameikuta moja katika ghala huko Ulaya, wakaisafisha, wakaileta kuionyesha katika ukumbi wenye viti vya sponji, nami nikawekwa mstari wa mbele kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyebaki hai kati ya walioizungusha filamu ile ilipokuwa mpya. Nilivaa koti. Nilikunywa soda yao. Kisha nikavaa miwani nikasoma kwamba katuni hii, iliyoipa hadithi ya kale ya msichana ndani ya ngoma sura mpya ya kifamilia, ilipokelewa kwa shangwe Mbeya na Iringa katika miaka ya hamsini. Kwamba watoto walikuja wamepamba nywele zao kwa majani kwa ajili ya sherehe. Na kwamba mwanamke mmoja mwenyeji, ambaye jina lake halikuandikwa, alisimama mbele ya watu akasema amefurahi sana na anaishukuru serikali. Kijana aliyeandika kijitabu, mpole, mwenye adabu nyingi, aliniinamia akauliza, "Mzee, ni kweli watu walifurahi hivyo?" Nikamwambia hapana. Akacheka, akidhani ni utani wa wazee, akaenda kuhakikisha kama spika zinatoa sauti. Sikubaki hadi mwisho. Nilitoka nikasimama nje kwenye baridi.

Mwaka ule wa filamu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimeshaacha kazi sita. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu dirisha letu lilitazama barabara, na kila lori lililopita lilinichukua. Nilichimba dhahabu Chunya nikijifunza jinsi mawe yanavyosagwa. Nilichuma chai Mufindi hadi nikajua jani linavyokaushwa, kisha nikachoka. Jikoni mwa hoteli ya wazungu pale Mbeya ndiko nilikookota Kiingereza changu, kimoja kimoja kama mtu anayeokota punje, huku naosha sahani na kusikiliza kupitia dirisha la kupitishia chakula. Ndipo nikasikia kwamba kuna mzungu wa sinema anatafuta mtu anayejua lugha mbili na asiyeogopa safari. Watu walimwita Bwana Filimbi kwa sababu alipiga mluzi muda wote, hata akiwa na hasira. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma, chumba chenye harufu ya mafuta ya taa na mikanda ya filamu iliyopata joto. Makopo ya mikanda yalipangwa hadi darini, na katikati, juu ya meza, ilikaa mashine ya sinema imefunikwa shuka kama mgonjwa. Siku ya kwanza tu niliinua lile shuka. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaeleza watu kwa Kiswahili kinachotokea kwenye picha. Na picha ikiisha, nizunguke niwaulize wameionaje, niandike. Maoni ya watazamaji, ndivyo Bwana Filimbi alivyoyaita, na aliyataka kila mara, kurasa mbili, yenye sahihi yangu chini.

Chakula cha mchana nilikula kwa Mama Tumpe. Alikuwa Mnyakyusa, mama wa miaka kama arobaini hivi, aliyepika kwenye kibanda cha mabati karibu na kituo cha malori, na hakuna dereva wa njia ya Iringa aliyepita Mbeya bila kukaa kwenye benchi lake. Mimi ni Mhehe, yeye Mnyakyusa, makabila ya watani, kwa hiyo hatukuwahi kusalimiana vizuri. "Karibu, Mhehe," alikuwa akisema, "leo nyama yenu ya mbwa haikupatikana sokoni, itabidi ule ndizi kama watu." Nami namjibu, "Nitakula, mama, ila nikianza kuongea bila kupumua kama Wanyakyusa nitajua ni hizo ndizi." Madereva walicheka, naye ananiongezea maharage. Jioni, sufuria zikishaoshwa, alisimulia hadithi kwa watoto wa jirani na kwa dereva yeyote ambaye gari lake limeharibika. Hiyo ya msichana ndani ya ngoma ndiyo waliyoiomba zaidi. Wengi wanaijua kwa namna yao, lakini yake ilikwenda hivi: wasichana wanakwenda mtoni, mmoja anasahau ushanga wake juu ya jiwe, wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake na kulikuta zimwi limekalia lile jiwe. Zimwi linamtia ndani ya ngoma. Linazunguka vijiji linapiga ngoma, mtoto anaimba ndani yake, watu wanalipa zimwi kwa chakula. Siku moja linafika kijijini kwa yule msichana, na mama yake, akiwa anapepeta mahindi, anasikia wimbo, anaweka ungo chini. Anaijua sauti. Analipikia zimwi pombe nyingi, linalala, anamtoa mwanawe na kujaza ngoma nyuki. Mengine mtu anaweza kuyawaza. Pale mama anapoweka ungo chini Mama Tumpe alinyamaza kabisa, na wimbo tuliuendeleza sisi, watoto na madereva wenye ndevu, kila mtu kwa sauti aliyonayo, hadi yeye alipotaka kuendelea.

Mimi ndiye niliyempeleka Bwana Filimbi kwake, na hili sitamsukumia mtu mwingine. Nairobi kulikuwa na nyumba ambamo watu walichora picha zinazotembea, nao walitaka hadithi ya kienyeji ya kuchora, ya kutazamwa na watu wazima pamoja na watoto wao. Bwana Filimbi alileta mashine ya kunasa sauti mchana wa saa sita. Mama Tumpe akakataa. "Mwambie bwana wako hadithi haitolewi jua likiwa juu," aliniambia. "Mtoto akisikia hadithi mchana anamzika mama yake. Aje jua likishazama, nitamwimbia hata mara tatu." Bwana Filimbi alipiga mluzi, akatazama saa, akarudi jioni. Mama Tumpe aliimba mara moja tu, na mashine ilipozungusha sauti yake ikamrudishia, aliisikiliza kama anayekagua nguo kutoka kwa fundi, akasema, "Ndiyo. Ni hiyo. Wasiiguse." Nilitafsiri hayo nayo, neno kwa neno. Wakati ule bado nilikuwa mtu wa kuaminika.

Mkanda ulifika baada ya miezi tisa, mvua zikiwa zimeanza. Bwana Filimbi aliuweka mezani akanieleza kwamba ulikuwa wa majaribio, haujakamilika. Nairobi walitaka kwanza uonyeshwe Mbeya na Iringa, wajue watu wanasema nini, ndipo watengeneze mikanda mingi ya kupeleka nchi nzima. "Wanasubiri karatasi zako," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaona jinsi ninavyoitazama mashine, akaongeza kwamba baada ya Iringa atakwenda Nairobi kwa gari, na kwenye gari kuna nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo akiwa mwerevu ataonyeshwa meza ambayo juu yake picha zinachorwa hadi zinatembea. Sikulala vizuri kwa wiki nzima. Nilikuwa nimeshachora mtu kwenye kona za daftari, ukurasa baada ya ukurasa, nikizipitisha haraka kwa kidole gumba, na mtu wangu aliruka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nilitaka kujua wao wanafanyaje. Sijui kama kuna msomaji atakayeelewa jinsi nilivyotaka.

Onyesho la Mbeya lilifanyika Jumamosi saa tisa mchana katika ghala la kahawa lililokuwa tupu, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nilimwambia Bwana Filimbi habari ya jua. Alisema sinema ya familia huonyeshwa mchana, na ndani ya ghala ni giza, kwa hiyo jua halituhusu. Kina mama wa milimani walikuja kwa kuwa waliitwa na jumbe wao. Pale mlangoni, kabla ya kuingia, niliwaona wakiinama kando ya mtaro, wakichuma majani mabichi na kuyachomeka kwenye nywele za watoto wao, jani moja moja, kimya kimya. Nilimwuliza mmoja. "Ni ya kuudanganya mchana," alisema bila kuniangalia. "Ukilazimishwa kusikia hadithi jua likiwepo, unamwekea mtoto jani, mchana unadhani ni kichaka." Bwana Filimbi alipendezwa sana. Aliwapiga picha. Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye ukurasa wa tatu wa kijitabu, na chini yake imeandikwa habari ya mapambo na sherehe. Kina mama wale walikuwa wanaogopa kufa.

Ndani, filamu ilipoanza, watu walishangaa kweli, sitasema hawakushangaa. Msichana wa rangi alitembea kwenye shuka nyeupe, maji ya mto yalikwenda, ndege akaruka, na mimi mwenyewe nilisahau kuongea kwenye kipaza sauti. Kisha zimwi likatokea, na lilikuwa na tumbo kubwa na macho ya mtoto, likajikwaa kwenye jiwe, likaanguka, na muziki ukaanguka nalo. Wimbo ulipoanza ulikuwa wa Mama Tumpe, sauti yake mwenyewe, na pale pa kuitikia ghala zima liliitikia. Lakini filamu haikungoja. Tarumbeta ziliingia pale pale tulipofungua midomo, zikatufunika, na watu wakaendelea kuimba nyuma ya tarumbeta kama wanaokimbilia lori lililoondoka. Mara ya pili waliojaribu walikuwa wachache. Mara ya tatu, hakuna. Mama wa msichana alikuwepo. Alitwanga, alitabasamu, wimbo ulipita mbele ya mlango wake, akaendelea kutwanga. Aliyeifungua ngoma alikuwa bwana shauri, mzungu wa serikali, mwenye kofia nyeupe na mbwa mdogo. Zimwi lililia machozi makubwa, likaomba radhi, likapewa kigoda, likala pamoja na familia, wote wakacheza. Taa iliwashwa. Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Na sasa wanamwoza binti?" na ghala likapasuka kwa kicheko, kicheko kile cha watu waliodhalilishwa wanaotafuta pa kutokea. Bwana Filimbi alikuwa na saa mkononi. Alihesabu kicheko kilidumu kwa muda gani.

Niliandika yote. Kwa haki yangu ndogo iliyobaki, acha niseme kwamba niliandika yote: majani, tarumbeta, mama asiyesikia, maneno ya mzee, na Mama Tumpe aliyenijia mlangoni uso umekauka akasema, "Andika kwamba mwenye hadithi amekataa." Kurasa zilikuwa saba. Bwana Filimbi alizisoma akiwa amesimama, bila mluzi, na huo ulikuwa mwanzo wa kuogopa kwangu. Hakufoka. Alivuta kiti akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanieleza kama mwalimu kwamba watu wasiozoea sinema hawajui kusema walichokiona. "Wewe umeandika walichosema," alisema. "Mimi nataka uandike walichohisi. Walicheka, sivyo? Watoto walivaa majani, sivyo?" Akaweka karatasi mbili mpya mbele yangu na kalamu juu yake. Kisha akasema kwamba gari la Nairobi linaondoka siku ya pili baada ya Iringa. Nje, fundi wa duka la vyuma alikuwa anakata bati, na kelele ile iliingia kwenye meno yangu. Niliandika kwamba walicheka. Niliandika kwamba watoto walivaa majani. Hakuna neno hata moja kati ya yale lililokuwa la uongo, na hadi leo nikikumbuka ujanja ule nataka kumpiga mtu, na mtu huyo hayupo ila mimi.

Mama Tumpe aliniuliza kesho yake, akinipakulia. "Umeandika?" Nikamweleza ukweli, kwamba niliandika, na kwamba karatasi zimebadilishwa. Alikaa kwenye benchi kando yangu, jambo ambalo hakulifanya wateja wakiwepo, akaifuta mikono yake kwa muda mrefu. "Hao wa Nairobi," alisema, "wanaweza kuchora tena?" Nikasema nadhani wanaweza, ndiyo maana wanauliza. "Basi nitakwenda Iringa nikaseme kwa mdomo wangu. Wewe utakuwepo. Kiingereza chako si kipo?" Nikasema kipo. "Basi. Mdomo wangu, Kiingereza chako. Karatasi waache nazo." Dereva mmoja akadakia, "Mama Tumpe, unakwenda kumfundisha mzungu kuchora?" Akamjibu, "Ninakwenda kumfundisha kusikia. Na wewe maliza mchuzi, lori lako linalia."

Alimwacha Tumpe, binti yake wa miaka kumi na miwili, kwa jirani, akapanda nasi nyuma ya gari la sinema, ameketi juu ya makopo ya mikanda amejifunga blanketi jeusi. Bwana Filimbi alifurahi kumchukua. Alisema mwimbaji mwenyewe atawavutia wageni. Makambako tulikula ugali na maharage kwenye chumba cha udongo chenye moto katikati, moshi unauma macho, na madereva walimjua, wakamwita "mama wa Mbeya" na kumpa kigoda karibu na moto. Nilimwomba aniambie atakalosema, ili niyatafute maneno mapema. Akakataa. "Nina mambo manne," alisema, akionyesha vidole. "Nikikwambia sasa yatapoa. Utayasikia huko huko, yakiwa ya moto." Kisha akaniangalia kwa kicheko kidogo. "Mhehe, umenyamaza tangu asubuhi. Ndizi zimekwisha kichwani?" Nikasema ni baridi.

Iringa waliandaa ukumbi vizuri. Viti vya mbele vilikaliwa na wazungu na wake zao, wafanyabiashara wa mjini waliovaa kanzu safi, na walimu. Nyuma walijaa watu wa mtaa wa Kitanzini na wa vijiji vya jirani. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu aliyeandikia gazeti, amekaa na daftari magotini, na Bwana Filimbi alimzunguka kama nyuki. Filamu ilikwenda kama ilivyokwenda Mbeya. Tarumbeta zilifunika waitikiaji, mama alitwanga, zimwi lilipewa kigoda. Ilipoisha, Bwana Filimbi alisimama mbele akauliza, kupitia kwangu, kama kuna mtu angependa kutoa maoni. Hakutazamia jibu. Mama Tumpe alikuwa ameshasimama. Alitembea hadi mbele, akavua blanketi lake akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha mtu, na kuinua mkono wa kulia. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, ili nimfuate.

"La kwanza," alisema, akikunja kidole. "Mama wa yule mtoto mmemfanya kiziwi. Mtoto anapita mlangoni analia kwa wimbo, yeye anatwanga. Hakuna mama wa namna hiyo. Mimi nilipoimba kwenye mashine yenu, niliimba nikijua kuna mama anasikia." Akakunja cha pili. "Zimwi linaomba radhi, linapewa kiti. Kesho mtu ataniibia mwanangu, akicheka na kujikwaa, mtoto atamfuata, kwa sababu ninyi mmemwonyesha kwamba mwizi wa watoto ni mjomba." Huko nyuma watu waliguna. Akakunja cha tatu. "Wimbo una nafasi yake. Pale ni pa watu. Mmeweka mabati yenu yanayolia mahali pa watu. Mmeimba peke yenu, halafu mnatuuliza tumeonaje."

Akakunja kidole cha nne na kusema jambo la nne, na mimi sikulisikia. Midomo yake ilikwenda, ukumbi ulikuwa kimya kuliko wakati wote, mwalimu mmoja mstari wa pili alifumba macho kama mtu aliyeguswa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona uso wa Bwana Filimbi, kisha, kupitia mlango uliokuwa wazi, nikaliona gari nje, boneti limeelekezwa barabarani, na kichwani mwangu nilikuwa natafuta Kiingereza cha uongo. Alipomaliza alinigeukia akaniitikia kwa kichwa, kama anayemkabidhi mtu mzigo anaouamini. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu amefurahi sana na anaishukuru serikali. Bwana Filimbi akaanza kupiga makofi. Yule mama wa gazeti aliandika, akatabasamu, akamwinamishia Mama Tumpe kichwa. Wazungu wote walipiga makofi. Mwalimu wa mstari wa pili alijua Kiingereza. Alitazama viatu vyake.

Mama Tumpe hakujua neno la Kiingereza, ila alijua makofi. Alinisogelea. "Mbona fupi?" aliuliza.

"Kiingereza ni kifupi, mama."

"Nimesema mambo manne."

"Yote yamo."

Mama Tumpe alikiendea kile kiti. Akachukua blanketi lake, akalifungua, akajifunga. "We mtoto," alisema taratibu, bila Mhehe, bila utani. "Watu hawapigiwi makofi kwa kukataa." Akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya wake za wazungu waliokuwa wakimpisha kwa heshima, na sikumfuata. Nilisikia baadaye kwamba alipata lori la mahindi hadi Mbeya.

Nilikwenda Nairobi. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba nilinyimwa nafasi, msomaji akaridhika. Lakini Bwana Filimbi alitimiza ahadi. Niliiona meza. Ilikuwa na kioo katikati na taa chini yake, na mchoraji, kijana mwembamba mwenye vidole vya wino, aliweka karatasi juu ya karatasi, akainua moja na kushusha nyingine, haraka, na mkono wa msichana ukainuka. Aliniruhusu nijaribu. Nilifurahi kama mwendawazimu, kwa robo saa. Kisha nikaona ukutani, kwenye ubao wa kubandikia, karatasi zangu mbili za Mbeya, na kando yake kipande cha gazeti chenye maneno ya mwanamke mwenyeji. Sijui kilichonisukuma. Nilimwuliza mchoraji kwa nini mama wa msichana hasikii wimbo. Mchoraji aliacha kazi. "Anatakiwa asikie?" aliuliza. Nikamweleza habari ya ungo. Alisikiliza mdomo wazi, akatoa karatasi mpya, akachora pale pale mwanamke anayeweka ungo chini, mistari kumi tu, na alikuwa yeye hasa, shingo imegeuka, mikono bado hewani. "Hii ni kazi ya wiki tatu," alisema. "Nilikuwa na wiki nane, nikingoja maoni. Mbona hamkusema?" Mikanda ilikuwa imeshapelekwa kutengenezwa siku mbili kabla. Alinitazama bila hasira yoyote, akiwa mtu anayetaka kujua tu. Nilimkasirikia kwa kutokukasirika kwake. Nimemkasirikia Bwana Filimbi kwa mluzi wake, mama wa gazeti kwa tabasamu lake, mwalimu kwa viatu vyake, na sasa kijana wa kijitabu, anayelisifu zimwi lenye utu na kuandika kwamba sisi ndio tuliolipenda kwanza. Hasira imenitosha maisha mazima. Lakini mlango ulikuwa wazi wiki nane, na aliyesimama mlangoni nilikuwa mimi.

Nilirudi Mbeya mwezi mmoja baadaye, nikiwa nimeshaacha kazi ile, ya saba. Kibanda kilikuwa kimefungwa kwa siku hiyo, kwa hiyo nilikwenda nyumbani kwake, chumba kimoja chenye ukuta uliopakwa udongo mweupe, magunzi yamepangwa kando ya moto, mkungu wa ndizi umening'inizwa na kamba ya mgomba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Tumpe alikuwa anamenya ndizi za mbalaga, chakula chao cha ndizi na maharage. Nilibisha hodi. Alinitazama, akasema jambo kwa Kinyakyusa. Tumpe, aliyekuwa anakoroga chungu, akasimama.

"Mama anasema karibu ukae," alisema Tumpe.

"Mama Tumpe," nilisema, "nimekuja kuomba radhi."

Alimenya ndizi. Akasema kitu kwa binti yake. "Mama anasema hajui Kiswahili," alisema Tumpe, na akakwepa macho yangu, kwa sababu yeye na mimi na Mbeya nzima tulijua jinsi mama yake alivyowatania madereva kwa Kiswahili kuanzia alfajiri. Nilipewa sahani. Nilikula. Nilimweleza habari za Nairobi, mchoraji na ungo na wiki tatu, na Tumpe alitafsiri yote kwa uangalifu mkubwa, akirudi nyuma aliposahau neno, na mama yake alimenya bila kuinua macho, isipokuwa mara moja tu, nilipoonyesha kwa mikono yangu jinsi yule mwanamke wa mistari kumi alivyogeuza shingo.

Mwishoni nikasema kwamba mambo matatu ninayakumbuka, na nitayaandika mahali siku moja, lakini la nne sikulisikia. Nikamwomba aniambie. Tumpe alitafsiri. Mama Tumpe akaweka kisu chini. Akaanza kusema, kwa lugha yake, kwa muda mrefu, si kwa ukali. Alisema kama alivyokuwa akisimulia, akipanda na kushuka, akinyoosha mkono mara mbili kuelekea mlangoni. Tumpe alisikiliza, na nilimwona machozi yakimjaa. Mama yake aliponyamaza, binti alifungua mdomo, akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa. Wakatazamana. Ndipo Tumpe akanigeukia, akasimama wima kama wanavyosimama darasani, akasema:

"Mama anasema amefurahi sana, na anashukuru."

Kinyakyusa nilijua neno moja tu wakati ule, lile ambalo kila mtu Mbeya hulijua kwa kulisikia sokoni. Ni *ndaga*, asante. Nilikuwa nimemsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote, na halikuwamo.